Vitabu vya Parokia na Kumbukumbu ya Taifa: Somo Kutoka Polandi

Wako watu wadhanio ya kuwa historia ya nchi ni habari za wafalme, majemadari na mikataba tu. Atakaye kujua kwamba sivyo, na aitazame nchi ya Polandi. Zamani ilikuwa dola kubwa katika Ulaya. Lakini katika miaka ya 1772, 1793 na 1795 majirani zake watatu, yaani Urusi, Prussia na Austria, waliigawana kipande baada ya kipande, hata ramani ya Ulaya ikawa haina tena dola iitwayo Polandi. Hali hiyo ilidumu miaka 123, mpaka Novemba 1918. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa, vizazi kwa vizazi, bila ya kuwa na serikali yao wenyewe.

Hata hivyo, mwaka 1918 ulipofika, taifa lilikuwapo, nalo lilijijua. Yatupasa kuuliza: kumbukumbu yake ilitunzwa wapi? Haikutunzwa katika ikulu, kwa kuwa ikulu zilikaliwa na wageni. Sehemu kubwa ilitunzwa katika mahali padogo: katika parokia, katika monasteri, katika masanduku ya familia, na katika mikono ya watu wasiojulikana sana ambao walipenda habari za wilaya yao. Habari za watu hao ndizo tutakazosoma leo, maana zina fundisho kwa kila nyumba.

KITABU CHA HENRYKÓW

Kusini ya mji wa Wrocław, katika mkoa wa Silesia, pana mahali paitwapo Henryków. Hapo wamonaki wa shirika la Cistercian walijenga monasteri yao katika karne ya 13. Mwaka 1241 Wamongolia waliivamia nchi na kuiharibu. Baada ya vita hiyo mambo ya ardhi yalivurugika: huyu alidai shamba hili ni la baba yake, na yule alidai lile liliuzwa kwa hila. Abate mmoja, jina lake Piotr, aliona hatari. Wazee waliojua ukweli walikuwa wakifa. Basi, yapata mwaka 1270, alikaa akaandika kwa Kilatini asili ya kila kijiji na kila shamba la monasteri: nani alilitoa, nani aliliuza, na mashahidi walikuwa nani. Nia yake ilikuwa ndogo na ya manufaa: ndugu zake watakaokuja wapate la kujibu wakishtakiwa.

Alipofika kwenye habari za kijiji kimoja, abate alieleza kwa nini kinaitwa Brukalice. Alikuwapo mtu aitwaye Boguchwał, aliyetoka Bohemia. Siku zile vinu vya maji vilikuwa haba katika sehemu hiyo, na mke wake alikuwa akisimama kutwa kusaga nafaka kwa jiwe la mkono. Mume alimhurumia, akawa akimwambia ampishe asage yeye, naye apumzike. Majirani waliposikia na kuona hivyo, wakampa jina la utani lililotokana na kusaga kwake, na jina hilo likashika kijiji. Maneno ya mume yule abate hakuyageuza kuwa Kilatini. Aliyaandika kama yalivyosemwa. Nayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa sentensi ya kwanza kabisa ya Kipolandi iliyopata kuandikwa.

Hebu tufikiri. Lugha ya taifa zima, katika andiko lake la kale, haikuanza kwa amri ya mfalme wala kwa hotuba ya jemadari. Ilianza kwa mume aliyemsaidia mke wake kusaga. Wanawake wengi wa kwetu wanalijua jiwe hilo na uchovu wake, hawahitaji kuelezwa. Na jambo hilo tunalijua kwa sababu tu mtu mmoja alidhani kuwa habari za kijiji kidogo zinastahili wino.

Tangu siku hiyo mkoa wa Silesia umebadili mabwana mara nyingi. Katika karne ya 14 uliingia chini ya taji la Bohemia. Mwaka 1526 ukawa wa watawala wa Austria. Katika miaka ya 1740 sehemu yake kubwa ikatwaliwa na Prussia. Mwaka 1810 serikali ya Prussia iliifunga monasteri yenyewe. Na mwaka 1945, baada ya vita kuu ya pili, mkoa ukawa wa Polandi. Bendera zilipanda na kushuka, lakini kitabu kilibaki. Sasa kinatunzwa na Jimbo Kuu la Wrocław, na mwaka 2015 shirika la UNESCO liliandika jina lake katika orodha ya kumbukumbu za dunia.

WATAWALA WATATU, MADAFTARI YA NAMNA TATU

Tutoke kwenye monasteri twende kwenye parokia za kawaida. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kwamba paroko awe na kitabu cha kuandikia ndoa, na mwaka 1614 kitabu cha ibada cha Roma kilieleza namna ya kuandika ubatizo, ndoa na vifo. Kwa hiyo, nchi ya Polandi ilipogawanywa, parokia nyingi zilikuwa na madaftari tayari. Watawala wapya hawakuyafuta; kila mmoja aliyatumia kwa namna yake.

Katika sehemu ya kusini, iliyoitwa Galicia, Kaisari Joseph wa Pili wa Austria aliamuru mwaka 1784 kwamba madaftari ya parokia yawe pia madaftari ya serikali. Yalipangwa kwa safu, kwa Kilatini: tarehe, namba ya nyumba, jina la mtoto, wazazi, wasimamizi. Kwa namba hiyo ya nyumba mtafiti wa leo aweza kuifuata familia moja katika kibanda kile kile miaka mia na zaidi.

Katika sehemu ya kati, Napoleon alipounda dola ndogo ya Warsaw, sheria za Kifaransa zilianza kutumika mwaka 1808. Hapo paroko alifanywa mwandishi wa serikali, naye aliandika kwa Kipolandi, tena si kwa safu bali kwa masimulizi. Baba alifika mbele yake, akataja umri wake na kazi yake, akamwonyesha mtoto, pamoja na mashahidi wawili. Andiko liliposomwa kwa sauti, waliojua kuandika walitia sahihi. Na wasiojua, ikaandikwa hivyo kwamba hawajui. Tena nakala ya pili ilipelekwa mahakamani. Mkulima ambaye hakuna mwanahistoria aliyemtaja, hapa anasimama na jina lake, kijiji chake na saa aliyofika. Tangu mwaka 1868, baada ya Wapolandi kuasi na kushindwa, serikali ya Urusi ililazimisha maandiko hayo yawe kwa Kirusi.

Katika sehemu ya magharibi, Prussia ilianzisha mwaka 1874 ofisi zake za uandikishaji, na lugha yake ilikuwa Kijerumani. Mwaka huo huo ugomvi wa serikali hiyo na Kanisa ulikuwa mkali hata Askofu Mkuu wa Gniezno na Poznań, Mieczysław Ledóchowski, alitiwa gerezani. Lakini paroko aliyebaki aliendelea kuandika kitabu chake cha ubatizo pembeni ya kile cha serikali.

Tazama basi: mtu aliyeitwa Jan nyumbani kwao, katika kitabu cha Kilatini ni Joannes, na kwa mwandishi wa Kijerumani ni Johann. Jina limevikwa nguo ya mtawala, lakini mtu ni yule yule, na mama yake ni yule yule. Ndiyo maana mtafiti mwenye busara hafuati jina peke yake. Hufuata wazazi, kijiji na wasimamizi.

Wala tusiyasifu madaftari hayo kupita kiasi. Umri wa watu mara nyingi ulikuwa wa kukisia. Maparoko wengine walikuwa wavivu, na wengine mwandiko wao hausomeki. Majina yalikosewa. Daftari ni shahidi, na kila shahidi hupimwa kwa shahidi mwingine. Lakini shahidi mwenye makosa ni bora kuliko kutokuwa na shahidi kabisa.

MOTO WA WARSAW

Polandi iliporudi, haikukawia kuitambua kazi hii. Tarehe 7 Februari 1919, nchi ikiwa haijatimiza hata miezi mitatu tangu kupata uhuru wake, mipaka yake ikiwa bado yapiganiwa, ilitolewa amri ya kuanzisha idara ya nyaraka za taifa. Watu wengine wangesema: mikate kwanza, karatasi baadaye. Wao waliona kuwa taifa lisilojua hati zake halijui hata mipaka ya shamba lake.

Miaka 25 baadaye hati hizo zilipata pigo. Mnamo Agosti 1944 watu wa Warsaw waliinuka kupigana na majeshi ya Hitler yaliyoukalia mji wao. Tarehe 2 Septemba hifadhi kuu ya nyaraka za kale iliteketea kwa moto, pamoja na sehemu kubwa sana ya hati za ufalme wa zamani. Tarehe 2 Oktoba wapiganaji walikubali kushindwa, na wakazi wote wakatolewa mjini. Lakini moto haukukoma hapo. Katika mwezi huo wa Oktoba, vita ikiwa imekwisha mjini, maktaba ya Krasiński ilichomwa ikiwa na hati za mkono na vitabu adimu vilivyokusanywa kutoka maktaba kadhaa. Na mwezi wa Novemba ikachomwa hifadhi ya nyaraka za zama mpya. Haukuwa moto wa mapigano. Ulikuwa moto uliowashwa kwa makusudi, ili wenye mji wasiwe na la kukumbuka.

Katika mkataba wa kukubali kushindwa palikuwa na kifungu kilichoruhusu kuondolewa kwa mali za sanaa, za elimu na za Kanisa. Stanisław Lorentz, mkuu wa makumbusho ya taifa, pamoja na wenzake walikishika kifungu hicho kwa mikono miwili. Tangu Novemba 1944 hata Januari 1945, maprofesa, watunza vitabu na watunza nyaraka walitoka katika mji mdogo wa Pruszków, wakaingia Warsaw iliyokuwa magofu matupu, katika baridi kali, mbele ya askari waliokuwa wakichoma nyumba. Huko walikusanya vitabu na hati, wakavifunga na kuvitoa. Hawakuweza kuokoa yote, wala hawakujua kama wangeruhusiwa kurudi kesho. Walichagua, wakabeba walichoweza.

Mji huo huo ulikuwa umeshuhudia mfano mwingine kabla ya hapo. Wayahudi wa Warsaw walifungiwa katika sehemu moja ya mji, iliyozungushiwa ukuta mwaka 1940. Ndani yake alikuwamo mwanahistoria Emanuel Ringelblum, mtu aliyekuwa amechunguza historia ya Wayahudi wa mji huo. Yeye na wenzake walikusanya kwa siri kila kilichoeleza maisha ya watu wao: shajara, barua, matangazo, kazi za watoto wa shule, hata karatasi za peremende. Walipoona mauti yakaribia, walivizika ardhini katika masanduku ya bati na madebe ya maziwa. Ringelblum, mkewe na mtoto wao waliuawa mwaka 1944. Sehemu ya kwanza ya hazina hiyo ilifukuliwa Septemba 1946 na ya pili Desemba 1950: kurasa zipatazo 35,000 kwa jumla. Wauaji walitaka habari ibaki yao peke yao, hawakufaulu.

Siku hizo hizo daftari la ubatizo liliokoa watu kwa njia nyingine. Mapadre na masista kadhaa wa Polandi waliwapatia Wayahudi waliokuwa wakisakwa vyeti vya ubatizo vyenye majina mengine, ili wapite salama. Aliyekamatwa kwa kosa hilo aliweza kulipa kwa maisha yake. Hapo twaona kuwa karatasi yaweza kuwa chombo cha kuwinda watu au ngao ya kuwakinga. Tofauti iko kwa yule aishikaye.

WAPOLANDI WALIOFIKA KWETU

Huenda msomaji akasema: mambo haya ni ya mbali. Si ya mbali sana. Katika miaka ya 1940 na 1941 serikali ya Kisovieti iliwahamisha kwa nguvu watu wengi kutoka mikoa ya mashariki ya Polandi hata Siberia na Kazakhstan. Mwaka 1942 baadhi yao, wengi wakiwa wanawake na watoto, walitolewa kupitia Uajemi, na karibu 20,000 wakaletwa Afrika. Katika Uganda walikaa Masindi na Koja. Katika Tanganyika walikaa Tengeru karibu na Arusha, na pia Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Tengeru peke yake ilipata kuwa na watu kama 5,000, wakiwa na shule, hospitali na kanisa. Huko Masindi, kanisa walilolijenga Nyabyeya lingali limesimama.

Vita ilipokwisha wengi hawakuwa na kwao pa kurudi, kwa kuwa mpaka wa nchi ulikuwa umesogezwa na vijiji vyao vikawa ndani ya Umoja wa Kisovieti. Wakatawanyika kwenda Uingereza, Kanada, Australia na kwingineko. Tengeru yalibaki makaburi yapatayo 150. Makaburi hayo yametunzwa na Watanzania wa mahali hapo, wanaofagia na kupalilia juu ya watu wasio wa ukoo wao wala wa lugha yao. Mjukuu atokaye ng'ambo kulitafuta jina la bibi yake hulikuta limesimama wazi. Basi katika orodha ya watunzaji wa historia ya Polandi, Watanzania hao nao wamo.

Na vitabu vya parokia za mikoa ile ya mashariki viko wapi? Vingine vilibaki katika hifadhi za nyaraka za nchi jirani. Vingine vilibebwa na mapadre na waumini walipohamia magharibi, na leo viko katika hifadhi za Warsaw na Kraków. Mwaka 1987, wakati ambapo serikali ya kikomunisti haikupenda habari za Siberia zitajwe, kikundi cha raia kilianza kukusanya kwa siri masimulizi na karatasi za waliohamishwa, na mkusanyo huo ukaitwa Hifadhi ya Mashariki. Katika miaka hii yetu wako watu wa kujitolea, wanachama wa Chama cha Nasaba cha Polandi na wengineo, ambao jioni baada ya kazi husoma madaftari ya parokia ukurasa kwa ukurasa na kuyaandikia faharasa. Wamekwisha kuandika majina kwa makumi ya mamilioni. Wengi wao si maprofesa. Ni walimu, mafundi, wastaafu. Watu waliotaka kumjua babu yao, kisha wakaona si haki kumtafuta wao tu na kuwaacha babu za wengine.

FUNDISHO

Kutoka habari hizi twaweza kupata mambo matatu. La kwanza, historia kubwa hujengwa kwa maandiko madogo. Abate Piotr alitaka kulinda mashamba, paroko alitaka kuandika mtoto; hakuna aliyejua kuwa analiandikia taifa. La pili, andiko moja lililo mahali pamoja ni andiko lililo hatarini. Palipokuwa na nakala ya pili mahali pengine, hapo moto ulishindwa mara nyingi. La tatu, karatasi hazijiokoi. Kila kitabu kilichosalia kilisalia kwa sababu mtu fulani, katika saa fulani, alikibeba.

Nasi tunao mzigo wetu. Katika nyumba nyingi jina la babu wa baba hujulikana na mzee mmoja tu, naye ana miaka themanini. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na hakuna mali ipitayo watu wa nyumba yako. Yafaa basi kila familia ichukue daftari, iandike majina ya wazazi, babu na bibi, mahali walipozaliwa, walipobatizwa na walipozikwa, pamoja na asili ya jina la kijiji kama wazee wanavyolisimulia. Nyuma ya kila picha yaandikwe majina ya waliomo na mwaka. Lisilojulikana lisibuniwe, liachiwe nafasi. Kosa likionekana lisifutwe, bali lisahihishwe pembeni, ili atakayekuja aone yote mawili. Na nakala ya pili ikae kwa ndugu mwingine, katika nyumba nyingine.

Maswali ya kuzungumza nyumbani: Ni nani katika ukoo wetu ajuaye habari ambazo mwingine hazijui? Je, twaweza kutaja majina ya bibi zetu wote wanne wa kizazi cha tatu? Na nyumba hii ikiungua usiku wa leo, ni habari gani za watu wetu zitakazokuwa zimeandikwa mahali pengine?